Viendelezi vya VS Code vinapogongana: mwongozo kamili wa kuvibaini na kuvipatanisha

Swali kuhusu viendelezi (programu ndogo unazoongeza kwenye VS Code, kihariri cha msimbo) vinavyogongana halikomi. Mtu anahifadhi faili, mistari inajipanga kwa namna ambayo hakuitaka. Anabonyeza Ctrl+F atafute neno, ukurasa unaruka mbele badala ya kutafuta. Au mapendekezo ya msimbo yanatokea mawili mawili, yanayofanana. Anashauriwa aondoe kila kitu asakinishe upya. Anafanya hivyo, bando linakwisha, na tatizo linarudi pale pale.

Linarudi kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Viendelezi viwili vizima vimepewa kazi moja, na kila kimoja kinaifanya kwa bidii. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kujua kazi gani inagombewa, nani wanaigombea, kisha kuamua nani ataishika.

Mwongozo huu ni wa Visual Studio Code kwenye Windows, Mac na Linux. Majina ya menyu na amri nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta. Kisanduku cha amri, kinachotajwa mara nyingi hapa, hufunguliwa kwa Ctrl+Shift+P; kwenye Mac tumia Cmd+Shift+P.

## Mahitaji

- VS Code iliyosasishwa. Baadhi ya nyenzo za hapa, kama wasifu tofauti za mipangilio, zilikamilika kwenye toleo la 1.75 la Januari 2023.
- Terminali inayotambua amri ya `code`. Kwenye Mac, kama haitambuliki, fungua kisanduku cha amri kwa Cmd+Shift+P, andika `Shell Command: Install 'code' command in PATH`, kisha ufungue terminali upya.
- Faili moja dogo la majaribio ambalo tatizo linaonekana ndani yake. Usijaribu kwenye kazi ya mteja.
- Kama mradi uko kwenye Git, mabadiliko yote yawe yameshahifadhiwa kwa `commit`. Kiendelezi kinachopanga msimbo kinaweza kugusa mistari mia kwa kuhifadhi faili mara moja tu.
- Karatasi na kalamu, au daftari lolote. Utahitaji kukumbuka ulichozima na ulichowasha.

Intaneti huihitaji kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Kuzima kiendelezi hakukifuti, na kukiwasha tena hakupakui kitu. Ndiyo sababu katika mwongozo huu tunazima, hatuondoi.

## Hatua ya 1: Weka akiba ya hali ilivyo sasa

Fungua terminali na uandike:

```
code --list-extensions --show-versions > viendelezi.txt
```

Faili la `viendelezi.txt` litakuwa na mstari mmoja kwa kila kiendelezi: mchapishaji, nukta, jina la kiendelezi, alama ya @, kisha namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo yenye thamani. Ikibainika baadaye kwamba sasisho ndilo lililoleta balaa, utajua ulikuwa kwenye toleo lipi leo.

Kisha nakili mipangilio yako. Kwenye kisanduku cha amri andika `Preferences: Open User Settings (JSON)`, nakili yote yaliyomo na uyahifadhi pembeni. Fanya vivyo hivyo kwa `Preferences: Open Keyboard Shortcuts (JSON)`.

Tahadhari: kama unatumia Settings Sync, inayosawazisha mipangilio kati ya kompyuta zako, izime kwanza. Hali ya kuwashwa na kuzimwa kwa viendelezi husafiri pamoja na mipangilio, na majaribio yako ya leo yanaweza kukukuta kesho kwenye kompyuta ya ofisini.

Umefanikiwa ukiwa na faili tatu: orodha ya viendelezi, mipangilio (`settings.json`), na mikato ya kibodi (`keybindings.json`).

## Hatua ya 2: Andika tatizo kwa sentensi inayoweza kujaribiwa

"VS Code inasumbua" haijaribiki. "Nikihifadhi `jaribio.js`, alama za nukuu moja zinageuka kuwa nukuu mbili, halafu mistari yote inapigwa mstari mwekundu" inajaribika. Sentensi nzuri inataja kitendo unachofanya, faili unalolifanyia, na unachokiona.

Huu si urasimu. Katika hatua ya nne utaulizwa swali moja tena na tena, kama tatizo bado lipo au halipo. Ukijibu kwa kukisia hata mara moja, jibu la mwisho litamtaja asiyehusika, na utamzima mtu asiye na kosa huku mgomvi mwenyewe akibaki.

Hapo hapo tazama kona ya chini kushoto ya dirisha. Ukiona maneno `Restricted Mode`, simama. Folda hiyo hujaithibitisha kuwa ya kuaminika, na katika hali hiyo VS Code yenyewe huzima au kubana baadhi ya viendelezi kwa usalama wako. Kama msimbo unaufahamu na unaiamini asili yake, bofya hapo uithibitishe folda, kisha ujaribu tena. Malalamiko mengi ya "kiendelezi changu kimekataa" huishia hapa.

## Hatua ya 3: Hakikisha kweli ni viendelezi

Funga madirisha yote ya VS Code. Lisibaki hata moja, maana dirisha lililo wazi linaweza kulipokea agizo hili na kulifungua kwa hali ileile ya zamani. Kisha kwenye terminali, ukiwa ndani ya folda ya mradi:

```
code --disable-extensions .
```

Dirisha litafunguka viendelezi vyote ulivyosakinisha vikiwa vimelala. Fanya kitendo ulichokiandika katika hatua ya pili.

Tatizo likitoweka, umethibitisha: chanzo ni kiendelezi kimoja au mgongano wa kadhaa. Nenda hatua ya nne.

Tatizo likibaki, usiendelee na hatua ya nne, kwa sababu hutapata kitu. Agizo hili huzima viendelezi ulivyosakinisha mwenyewe tu. Vile vilivyokuja ndani ya VS Code vinaendelea kufanya kazi, na mipangilio yako pia inaendelea kutumika. Jaribu hivi:

```
code --profile Uchunguzi .
```

Kama wasifu wenye jina hilo haupo, VS Code itauunda ukiwa mtupu, bila viendelezi vyako wala mipangilio yako binafsi. Tatizo likiondoka humo, chanzo kiko kwenye `settings.json` au `keybindings.json` yako. Likibaki hata humo, angalia folda ya `.vscode` ndani ya mradi, kwa kuwa mipangilio ya mradi hufuata mradi popote unapofunguliwa.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini kusakinisha VS Code upya hakusaidii. Viendelezi vinakaa kwenye folda ya `.vscode/extensions` ndani ya folda yako ya nyumbani, na mipangilio inakaa kwenye `%APPDATA%\Code\User` kwa Windows, `~/.config/Code/User` kwa Linux, au `~/Library/Application Support/Code/User` kwa Mac. Kwa kawaida ukiondoa programu, folda hizo zinabaki. Programu mpya ikifika inakuta wagomvi walewale wamekaa palepale.

Tahadhari: usiingie kwenye `.vscode/extensions` ukaanza kufuta folda kwa mkono. Humo kuna faili la `extensions.json` linaloorodhesha vilivyosakinishwa, na folda ikitoweka bila orodha kujua, unajitengenezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Ukitaka kuondoa, ondoa kupitia VS Code yenyewe au kwa `code --uninstall-extension`.

## Hatua ya 4: Acha VS Code igawe nusu kwa nusu

Fungua VS Code kawaida. Kwenye kisanduku cha amri andika `Help: Start Extension Bisect`.

Kinachofuata ni hesabu rahisi. Kwanza inazima vyote na kukuuliza kama tatizo bado lipo. Ukijibu halipo, inawasha nusu na kuacha nusu nyingine imelala, inafungua dirisha upya, inakuuliza tena. Kila jibu linapunguza washukiwa kwa nusu. Mwenye viendelezi 30 anafika mwisho kwa maswali sita hivi, wakati kuzima kimoja kimoja kungemchukua asubuhi nzima.

Mambo ya kuzingatia wakati wa maswali:

Subiri dirisha litulie kabla ya kujaribu. Viendelezi vya lugha huamka polepole, hasa kwenye mradi mkubwa au kompyuta yenye RAM ndogo. Ukijaribu mapema utasema "halipo" kumbe mhusika alikuwa bado hajaamka. Tazama upau wa chini. Alama inayozunguka ikiisha, jaribu.

Fungua faili lilelile kila mara. Viendelezi vingi haviamki mpaka faili la aina yake lifunguliwe.

Ukihisi umejibu vibaya, usiendelee kwa matumaini. Andika `Help: Stop Extension Bisect`, anza upya.

Mwishoni VS Code itakutajia kiendelezi kimoja na kukuuliza kama kibaki kimezimwa. Wengi huishia hapa, wanakizima, wanafurahi. Halafu siku mbili baadaye wanagundua kwamba walikihitaji.

Elewa jina hilo lina maana gani. Katika kila mzunguko VS Code huzima kundi dogo la washukiwa na kuviacha vilivyobaki vyote vikiwa macho. Kwa hiyo panapokuwa na ugomvi wa wawili, inamtaja yule ambaye akilala ugomvi unakwisha. Wa pili hatajwi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba uliyetajiwa ndiye unayemtaka, na anayepaswa kuondoka ni mwenzake.

Umefanikiwa ukiwa na jina moja mkononi na umeliandika, hata kama hujaamua chochote.

## Hatua ya 5: Mtafute wa pili

Rudi kwenye hali ya kawaida. Kwenye kisanduku cha amri andika `Extensions: Disable All Installed Extensions`. Kisha washa kile kimoja ulichotajiwa, fungua dirisha upya kwa `Developer: Reload Window`, na ujaribu.

Tatizo likionekana kikiwa peke yake, basi hakigombani na kiendelezi kingine ulichosakinisha. Ama kina hitilafu yake, ama kinagombana na kilichomo ndani ya VS Code, ama mipangilio yake si sahihi. Ruka hadi hatua ya sita, sehemu ya lugha, kisha hatua ya saba.

Tatizo lisipoonekana, mwenza yupo. Kabla ya kuanza kugawa, jiulize swali moja: ni kiendelezi kipi kingine kwenye orodha yangu kinafanya kazi ya aina hii? Kama uliyetajiwa anapanga msimbo, tafuta wengine wanaopanga msimbo. Kama anahusu PHP, tafuta wengine wa PHP. Mara nyingi mwenza anajulikana hapo hapo kwa kusoma `viendelezi.txt` kwa macho.

Usipomwona, washa nusu ya waliobaki pamoja na uliyetajiwa. Tatizo likitokea, mwenza yumo katika nusu hiyo; lisipotokea, yumo katika nusu nyingine. Endelea kugawa mpaka abaki mmoja. Kuendesha `Start Extension Bisect` mara ya pili viendelezi vyote vikiwa macho hakutakusaidia, maana itakurudishia jina lilelile.

Amri ya `Developer: Show Running Extensions` husaidia hapa. Inaonyesha viendelezi vilivyoamka kwa faili ulilofungua na muda ambao kila kimoja kilichukua. Kisichokuwamo kwenye orodha hiyo mwondolee shaka kwa sasa.

## Hatua ya 6: Amua mwenye kazi

Sasa una majina mawili. Tiba inategemea wanagombea nini.

### Kupanga msimbo wakati wa kuhifadhi

Huu ndio ugomvi ulio maarufu kuliko yote, na Prettier (mpangaji wa msimbo) na ESLint (mkaguzi wa makosa ya JavaScript) ndio mfano wake. Utazame kwa karibu mara moja, utauelewa hata ukija na majina mengine.

Chukua faili lenye mstari huu:

```
const jina = "Asha";
```

Kanuni za ESLint za mradi zinadai nukuu moja. Prettier, isipoambiwa vingine, hutumia nukuu mbili. Unabonyeza Ctrl+S. VS Code kwanza inaendesha marekebisho yaliyowekwa kwenye `editor.codeActionsOnSave`, na ESLint inageuza `"Asha"` kuwa `'Asha'`. Baada ya hapo inakuja zamu ya `editor.formatOnSave`, na Prettier inairudisha kuwa `"Asha"`. Faili linahifadhiwa hivyo. ESLint inalisoma tena, inaona nukuu mbili, inachora mstari mwekundu. Unahifadhi tena, mchezo unaanza upya. Kwa jicho lako ni kama hakuna kinachorekebishwa kamwe, kumbe kinarekebishwa na kuharibiwa ndani ya sekunde hiyo hiyo.

Kuongeza amri nyingine za kuhifadhi hakutatibu hili. Gawa kazi: Prettier ishike mwonekano wa msimbo, ESLint ishike makosa ya mantiki. Kwenye mradi sakinisha kifurushi cha `eslint-config-prettier`, ambacho kazi yake ni kuzima kanuni za ESLint zinazohusu mwonekano:

```
npm install --save-dev eslint-config-prettier
```

Kiweke mwisho kabisa kwenye orodha ya mipangilio ya ESLint. Kikiwekwa mwanzo, kanuni zitakazofuata zitawasha tena kile ilichozima, na utadhani hakifanyi kazi.

Kisha kwenye `settings.json` mtaje mpangaji mmoja kwa kila lugha:

```
"[javascript]": {
  "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode",
  "editor.formatOnSave": true
},
"editor.codeActionsOnSave": {
  "source.fixAll.eslint": "explicit"
}
```

Neno `explicit` linamaanisha marekebisho yafanyike pale tu unapohifadhi mwenyewe, si pale faili linapojihifadhi lenyewe.

Kwa Python mambo ni hayohayo. Ukiwa na Black na Ruff pamoja, zote zinaweza kupanga msimbo. Chagua moja kwenye `"[python]"`, aidha `ms-python.black-formatter` au `charliermarsh.ruff`. Hakuna jibu moja kwa wote. Chagua ile ambayo mradi wenu unaitumia kwenye seva ya majaribio, ili kompyuta yako na seva zisipingane.

Njia ya kuchagua bila kuandika JSON: bofya kulia ndani ya faili, chagua `Format Document With...`, kisha `Configure Default Formatter...`. Ni swali lilelile ambalo VS Code hukuuliza kwa kijidirisha pembeni inapokuta wapangaji zaidi ya mmoja, na ambalo watu hulifunga bila kulisoma.

Tahadhari inayowachanganya hata wazoefu: mpangilio uliowekwa ndani ya lugha, kama `"[javascript]"`, hushinda mpangilio wa jumla hata kama ule wa jumla umewekwa kwenye mradi. Ukiweka `editor.defaultFormatter` kwenye folda ya mradi na usione mabadiliko, angalia kama mipangilio yako binafsi haina `"[javascript]"` inayosema vingine.

Umefanikiwa ukihifadhi faili mara tatu mfululizo bila kuandika kitu, na Git isionyeshe mabadiliko yoyote mapya baada ya mara ya kwanza.

### Mikato ya kibodi

Kibonye kimoja kinaweza kudaiwa na amri nyingi. VS Code haizitekelezi zote. Hupitia orodha kutoka chini kwenda juu, na amri ya kwanza inayolingana na hali iliyopo ndiyo inayotekelezwa. Za viendelezi zimekaa chini ya zile za msingi, na zako ziko chini kabisa. Kwa hiyo kiendelezi kinashinda VS Code, na wewe unawashinda wote.

Kumjua aliyekinyakua kibonye, andika `Developer: Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting`, kisha bonyeza kibonye chenye tatizo. Paneli ya `Output` itaonyesha amri iliyoitwa na ilikotoka. Izime kwa amri ileile ukimaliza. Vinginevyo fungua orodha ya mikato kwa Ctrl+K ikifuatiwa na Ctrl+S, tafuta kibonye, bofya kulia na uchague `Show Same Keybindings`.

Ukishajua jina la amri, iondoe kwa kuiwekea alama ya kutoa mbele yake kwenye `keybindings.json`:

```
{
  "key": "ctrl+alt+l",
  "command": "-jina.la.amri"
}
```

Usizime kiendelezi kizima kwa ajili ya kibonye kimoja.

Watumiaji wa kiendelezi cha Vim, kinachoiga kihariri cha Vim, ndio wanaolalamika zaidi kuhusu Ctrl+F. Kwenye Vim kibonye hicho kina maana ya kusogea ukurasa mmoja mbele, ndiyo sababu skrini inaruka. Kiendelezi chenyewe kimeweka mlango wa kukirudisha:

```
"vim.handleKeys": {
  "<C-f>": false,
  "<C-c>": false
}
```

Hapo Ctrl+F itatafuta na Ctrl+C itanakili, na Vim itabaki na vingine vyote.

### Viendelezi viwili kwa lugha moja

Dalili zake ni mapendekezo yanayojirudia, maelezo yanayotokea mara mbili unapoweka kishale juu ya neno, makosa yanayoripotiwa kwa sauti mbili zinazopingana, na kompyuta kuwa nzito. Kila kiendelezi cha lugha kinaendesha seva yake inayosoma mradi wako wote. Mafahali wawili hawakai zizi moja, chagua mmoja.

Kwenye PHP, ukisakinisha Intelephense, mgomvi wake hayumo kwenye orodha yako kwa sababu alikuja na VS Code. Nenda kwenye kisanduku cha kutafuta viendelezi, andika `@builtin php`, kisha uzime `PHP Language Features`. Kile cha pili, `PHP Language Basics`, kiache. Ndicho kinachotia rangi msimbo. Watu wengi huzima vyote viwili halafu wanashangaa faili limekuwa jeupe.

Kwenye Vue, Vetur ilikuwa ya enzi za Vue 2, ambayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 31 Desemba 2023. Kiendelezi rasmi cha sasa kinaitwa Vue - Official, zamani Volar. Vyote viwili vikiwashwa pamoja vitasoma faili lilelile la `.vue` na kutoa makosa ambayo hayapo. Kama una mradi wa zamani bado, Vetur izime kila mahali isipokuwa huko. Hatua ya nane inaonyesha namna.

Kwenye C na C++, clangd na kiendelezi cha C/C++ cha Microsoft vyote vinatoa mapendekezo. Hiki cha pili usikizime, maana kina kitatuzi cha hitilafu ambacho pengine unakitumia. Kinyang'anye kazi ya mapendekezo tu:

```
"C_Cpp.intelliSenseEngine": "disabled"
```

### Kiendelezi ambacho kazi yake imeshachukuliwa na VS Code

Pitia orodha yako ukiuliza kila kimoja kama bado kina sababu ya kuwapo. Bracket Pair Colorizer ilipendwa sana, lakini toleo la 1.60 la Agosti 2021 liliingiza kazi hiyo ndani ya VS Code, na mtunzi wake akasitisha kiendelezi chake. Mpaka leo kiko kwenye kompyuta nyingi, kikipaka rangi mabano yaliyokwisha kupakwa. Kiondoe, na utumie `editor.bracketPairColorization.enabled`.

Hali ni hiyo pia kwa viendelezi vya kubadili lebo ya kufunga ya HTML unapobadili ya kufungua. VS Code ina `editor.linkedEditing`. Tumia kimoja kati ya hivyo, usitumie viwili.

## Hatua ya 7: Kama yote yalikuwa salama mpaka jana

Viendelezi vilivyoishi pamoja miezi mingi vikianza kugombana ghafla, kimojawapo kimejisasisha. Fungua ukurasa wake ndani ya VS Code, bofya alama ya gia, chagua `Install Specific Version...`, na urudi toleo moja nyuma. Jaribu. Kama ndilo lilikuwa tatizo, hakikisha alama ya `Auto Update` ya kiendelezi hicho imeondolewa, la sivyo kitasasishwa tena.

Usizime masasisho ya vyote kwa hasira. Masasisho hubeba pia marekebisho ya usalama. Ila kama unatumia bando dogo, unaweza kuweka `"extensions.autoUpdate": "onlyEnabledExtensions"`, ili vile ulivyovizima visikumalizie data.

## Hatua ya 8: Wenyeji wa miradi tofauti watenganishe

Ugomvi mwingine hauhitaji mshindi, unahitaji ukuta. Kiendelezi kinachohitajika kwenye mradi mmoja tu kizime kwa ujumla, kisha ndani ya mradi huo bofya gia yake na uchague `Enable (Workspace)`. Kinyume chake ni `Disable (Workspace)`.

Kama unafanya kazi za aina mbili zisizofanana, tuseme PHP mchana na Python jioni, unda wasifu mbili kupitia menyu ya `Profiles`. Kila wasifu una viendelezi na mipangilio yake, na VS Code hukumbuka folda ipi ilifunguliwa na wasifu upi. Dirisha pia hufunguka haraka zaidi, kwa kuwa vitu visivyohusika haviamki.

Kwa timu, weka faili la `.vscode/extensions.json` ndani ya mradi na mlihifadhi kwenye Git:

```
{
  "recommendations": ["esbenp.prettier-vscode", "dbaeumer.vscode-eslint"],
  "unwantedRecommendations": ["octref.vetur"]
}
```

Faili hili halimzimii mtu kiendelezi alichokwisha kukisakinisha. Linampendekezea vinavyotakiwa na kuzuia visivyotakiwa visipendekezwe. Kwa hiyo andikeni pia mstari mmoja kwenye `README` unaosema kipi kizimwe na kwa nini.

## Hatua ya 9: Washa vyote na upime tena

Washa viendelezi vyako vyote unavyovihitaji, funga madirisha yote, fungua upya. Rudia kitendo cha hatua ya pili kwa faili lilelile. Kisha fungua faili la lugha nyingine unayoitumia na uhifadhi, kuhakikisha hukuvunja huku ulipokuwa unatengeneza kule. Ukiridhika, rudisha Settings Sync, na ufute wasifu wa `Uchunguzi` kama uliuunda.

Kama baada ya yote hayo kiendelezi bado kina tatizo kikiwa peke yake, mpe taarifa mtunzi wake. Anza kwa kutafuta kwenye orodha ya hitilafu za mradi wake, kwa sababu huenda ameshaambiwa na jibu lipo. Usipoikuta, tumia `Help: Report Issue`, chagua kiendelezi husika, na uandike mambo manne: toleo la VS Code, toleo la kiendelezi kutoka kwenye `viendelezi.txt`, ile sentensi yako ya hatua ya pili, na jina la kiendelezi cha pili kama ulimpata. Ambatanisha lile faili dogo la majaribio. Kabla ya kutuma, soma upya taarifa nzima ambayo VS Code imejijazia, uondoe njia za folda au majina ya wateja ambayo hayapaswi kuonekana hadharani.